Tangi la vifaranga linapiga kelele usiku? Usilizibe mdomo, liwekee mabomba matatu

Wiki hii nimeulizwa swali lile lile mara mbili, na kijana wa Lizaboni na binti wa Mfaranyaki: "Afisa, tangi langu la vifaranga linapiga kelele usiku kucha, nifanyeje?" Kabla sijajibu, niwaambie jinsi mimi mwenyewe nilivyowahi kulijibu swali hilo vibaya. Jibu langu lilinigharimu vifaranga 460.

Kilichonipata

Songea yetu iko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai mnaijua. Sato anapenda maji ya uvuguvugu. Maji yakipoa sana hali vizuri na hakui. Ndiyo maana wengi wetu tunaotaka vifaranga wa kupandikiza mapema tunawalea ndani ya nyumba.

Mimi niliweka vifaranga 600 stoo, kwenye tangi la plastiki la mraba, mita 1 kila upande. Chini yake kulikuwa na pipa la lita 200 lenye chujio na pampu. Pampu inapandisha maji juu, na maji yanayozidi yanashuka kwa bomba moja la inchi 1 kurudi kwenye pipa. Mfumo wa kawaida kabisa, hata ninyi wengi mnao.

Bomba lile lilikuwa linaguguma. Maji yanapanda kidogo, bomba linavuta kwa nguvu, glo-glo-glo, linakata, kimya, halafu linaanza upya. Chumba cha kulala kiko ukuta wa pili. Usiku wa nne nikachukua kipande cha sponji nikakisokomeza kwenye mdomo wa bomba. Kelele ikaisha, nikalala fofofo.

Siku mbili baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, nafungua mlango wa stoo nakanyaga maji. Sponji lilikuwa limejaa mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Maji yalishindwa kushuka, yakapita juu ya ukingo wa tangi na vifaranga wakaenda nayo. Pipa likabaki tupu, pampu ikaungua kwa kuzunguka bila maji. Vifaranga waliobaki tangini wengi wakafa kwa kukosa hewa, kwa sababu maji hayakuwa yakizunguka tena. Magunia mawili ya mahindi yaliyokuwa chini yakaloa. Waliopona walikuwa 140. Kwa bei yangu ya shilingi 200 kila mmoja, hapo shilingi 92,000 zimekwenda, bado sijahesabu pampu na mahindi.

Bomba lilikuwa linaniambia kitu kwa siku nne, nami nikaliziba mdomo.

Kelele inatoka wapi

Kelele ya bomba ni ugomvi wa maji na hewa. Bomba linaweza kuwa kimya kwa namna mbili tu. Namna ya kwanza, limejaa maji tupu, halina hewa ndani, linavuta kama mpira wa kunyonyea mafuta kwenye dumu. Namna ya pili, maji ni machache sana, yanateleza kwenye ukuta wa bomba na hewa inapita katikati bila kusumbuliwa. Ukiwa katikati ya hizo mbili, bomba linameza maji na hewa kwa pamoja, na hapo ndipo linapoguguma.

Bomba moja haliwezi kukaa namna moja usiku kucha. Likijaa linavuta kuliko pampu inavyoleta, maji yanashuka, hewa inaingia, mvuto unakatika, maji yanapanda tena. Kwa hiyo gawanya kazi. Bomba la kwanza libebe karibu maji yote likiwa limejaa. La pili libebe masalia machache. La tatu likae kavu, lisubiri siku ya tatizo. Mpangilio huu umetumiwa miaka mingi na watu wa Marekani wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni, na kwenye vifaranga wa biashara unafanya kazi vilevile.

Vipimo vya tangi langu jipya

Tangi lina kina cha sentimita 60 na limeinuliwa juu ya matofali ili mabomba yapite chini. Vipimo vyote ni kutoka kwenye kitako cha tangi:

- Bomba la kwanza, inchi 1: mdomo uko sentimita 44.
- Bomba la pili, inchi 1: mdomo uko sentimita 50. Hapa ndipo usawa wa maji wa kila siku.
- Bomba la tatu, inchi 1 na nusu: mdomo uko sentimita 53.
- Uzio wa wavu unaozunguka mabomba yote kwenye kona: unaishia sentimita 56.
- Ukingo wa tangi: sentimita 60.

Angalia vizuri huo uzio wa wavu. Sikuvalisha wavu kila mdomo wa bomba, kwa sababu wavu mdogo unaziba haraka. Uzio una eneo kubwa, maji yanapita taratibu na vifaranga hawanyonywi. Na siku ukiziba, maji yatapita juu yake kwenye sentimita 56, kabla ya kufika ukingo wa tangi. Vifaranga wachache wataangukia kwenye pipa, ambako nimetega kikapu cha wavu, lakini sakafu itabaki kavu.

Kufunga mabomba

Kila bomba linapita kwenye kitako kwa tanki konekta yenye raba. Toboa kwa kipimo cha konekta, na sugua kingo za tundu ziwe laini ili raba ikae. Bomba linalosimama ndani ya tangi ligundishe, usilichomeke tu. Likichomoka, tangi zima linamwagika. Kama tangi lako ni la kioo, muulize aliyelitengeneza kabla hujatoboa, maana vioo vilivyoimarishwa kwa joto hupasuka vipande vipande ukivitoboa.

Bomba la kwanza liwekee geti valvu karibu na ncha ya chini, ile ya kuzungusha mara nyingi. Koki ya kugeuza robo mzunguko inakupa shida, ukiigusa kidogo tu umepitiliza. Ncha ya bomba hili izame sentimita 2 au 3 kwenye maji ya pipa. Ukiizamisha sana, hewa iliyomo inashindwa kutoka na bomba linachelewa kuanza kuvuta. Juu, mdomo nimeupanua kwa kiungio cha inchi 2 na kuweka kipande bapa cha plastiki sentimita 2 na nusu juu yake. Bila hicho, maji yanazunguka kama kimbunga kidogo na kuingiza hewa.

Bomba la pili halina valvu. Mdomo uko wazi, na ncha ya chini inagusa maji ya pipa kidogo tu.

Bomba la tatu halina valvu, halina sponji, halina wavu wake, halina chochote. Ncha yake ya chini iache hewani, angalau sentimita 15 juu ya maji ya pipa. Nimefanya hivyo kwa makusudi: siku maji yakipita humo, yatamwagika kwa kishindo na utaamka. Mabomba mawili yakiwa kimya, hilo kishindo hulikosi.

Kurekebisha

Fungua valvu yote, washa pampu. Bomba la kwanza litatoa mapovu, kisha litajaa na kuanza kuvuta. Sasa funga valvu kidogo kidogo, ukisubiri dakika chache kila mara, mpaka maji tangini yapande na kuanza kuchuruzika kidogo tu kwenye bomba la pili. Hapo simama. Sogeza sikio. Ukisikia pampu tu, umepatia.

Umeme ukikatika

Hili wengi wanalisahau. Pampu ikizima, maji yataendelea kushuka mpaka kwenye mdomo wa bomba la kwanza, yaani kutoka sentimita 50 hadi 44. Tangi la mita 1 kwa mita 1, kila sentimita ni lita 10. Hizo ni lita 60. Ongeza yaliyomo kwenye mabomba, weka hesabu ya lita 70. Mimi pipa langu la lita 200 nalijaza lita 110 tu pampu ikiwa inafanya kazi. Umeme ukikatika linafika kama lita 180, halifuriki.

Bomba la kupandishia maji nalo ni hatari. Kama ncha yake imezama tangini, pampu ikizima litageuka na kunyonya maji kuyarudisha chini. Litoboe tundu la milimita 5 kwenye sentimita 49, chini kidogo ya usawa wa maji. Maji yakishuka kufika hapo, hewa inaingia na mvuto unakatika. Safisha tundu hilo kila wiki, ukungu wa kijani unaliziba.

Halafu inua pampu juu ya matofali ndani ya pipa. Yangu inaacha lita 40 chini ambazo haiwezi kuzivuta. Kwa hiyo ikitokea mabomba yote matatu yameziba, pampu inaweza kupandisha lita 70 tu, wakati tangi lina nafasi ya lita 100 kutoka sentimita 50 hadi ukingoni. Pampu inaweza kuungua, lakini stoo haitafurika na vifaranga watabaki ndani ya maji.

Majaribio manne kabla ya kuweka kifaranga hata mmoja

1. Pima pampu kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, ukiwa umeweka ncha ya bomba kwenye urefu wa tangi. Yangu inajaza ndoo kwa sekunde 60, sawa na lita 1,200 kwa saa.
2. Zima umeme. Subiri maji yatulie. Je, pipa limefurika?
3. Washa tena na usiguse kitu. Mfumo unatakiwa kurudi kwenye ukimya wake wenyewe, kwa sababu umeme ukirudi saa nane usiku hutakuwepo kurekebisha valvu.
4. Funga valvu ya bomba la kwanza na uzibe la pili kwa kitambaa. Kaa hapo dakika 10. Bomba la tatu peke yake libebe maji yote ya pampu, na maji yasifike juu ya uzio. Likishindwa, weka bomba kubwa zaidi au pampu ndogo. Usijidanganye kwamba "haitatokea".

Usiruke jaribio la nne. Bomba la dharura ambalo hujalijaribu ni pambo tu.

Nilichowajibu wale wawili

Binti wa Mfaranyaki alikuwa ameshaweka kitambaa kwenye bomba lake. Nilimwambia akakitoe siku hiyo hiyo, avumilie kelele mpaka apate mabomba mengine mawili. Kijana wa Lizaboni tangi lake halina vifaranga bado, kwa hiyo anaanza upya, na vifaranga atawachukua kituo cha Ruhila hapa hapa mjini akishapita majaribio yote manne.

Jambo la mwisho. Maji machafu ya tangi yamwagie mboga, usiyaelekeze mtoni. Sato si samaki wa asili wa mto Ruvuma na vijito vyake, na kifaranga anayeponyoka kwenye bomba lako hujui atazaana na perege gani huko chini.

Ukishafunga mabomba yako na bado yanaguguma, usitafute sponji. Tafuta hewa inaingilia wapi. Kazi njema.