Kuunganisha kompyuta za ofisi Garsen bila waya wala bando

Ofisi nyingi ndogo hapa Garsen bado zinahamisha faili kwa flashi. Mtu anachapa barua kwenye kompyuta ya mbele, anachomoa flashi, anaipeleka kwa mashine yenye printa, na virusi vinasafiri naye bila nauli. Wengine hujitumia faili kwa WhatsApp kutoka meza hii hadi ile, kwa bando la pesa zao. Ukiwauliza, wanangoja intaneti ya maana ifike. Lakini kompyuta hazihitaji intaneti ili zizungumze zenyewe kwa zenyewe. Zinahitaji ruta moja, hata ile kuukuu iliyolala kabatini.

Mimi nina duka la kuchapa na fotokopi karibu na steji ya magari ya Hola, na hivi ndivyo nilivyoliunganisha.

Kwanza futa kumbukumbu za zamani za ruta: ingiza pini kwenye kile kitundu cha nyuma, bonyeza sekunde kumi, ngoja taa zizime na kuwaka. Igeuze, chini ina kibandiko chenye jina la waifai, nywila na anwani, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Jiunge nayo kwa laptopu, andika anwani hiyo kwenye kivinjari, kisha badilisha nywila zote mbili, ya waifai na ya kuingilia mipangilio. Chagua ulinzi wa WPA2. Tundu la intaneti, lile lenye rangi yake peke yake, liache wazi. Kompyuta italalamika kwamba hakuna intaneti. Ipuuze.

Kwenye Windows, tia alama kwamba mtandao huo ni wa binafsi, la sivyo kompyuta zitajificha na utaapa ruta ni mbovu. Tengeneza folda moja ya kazi, iruhusu ionekane na wenzako, basi.

Printa ndiyo inayotaka uangalifu, kwa sababu ya stima zetu. Ruta humgawia kila anayejiunga namba yake, na stima ikipotea ikarudi, printa inaweza kupewa namba mpya huku kompyuta zikiitafuta kwa ile ya jana. Ipe namba ya kudumu, tuseme 192.168.1.200 kama ruta yako inaanza na 192.168.1, na uhakikishe haimo kwenye fungu ambalo ruta inawagawia wengine. Tangu niifunge hivyo, barua hutoka hata baada ya stima kupotea mara nne kwa siku. Mama mmoja aliyekuja kuchapishiwa barua ya chifu aliniuliza, "Mwanangu, karatasi imetokea kule na wewe uko huku, imepitia wapi?" Nikamwambia imepita hewani. "Hewani kwetu?" akacheka. "Si ungenipa salamu nipeleke!" Kumbe ametoka kijiji cha Hewani.

Mahali pa kuweka ruta pana maana kuliko ukubwa wa antena. Ukuta wa udongo na paa la makuti hupitisha mawimbi vizuri; mabati huyarudisha, na tangi la maji huyameza. Itundike juu ya kichwa cha mtu, mbali na friji, antena zikiwa wima. Mjini, ambapo kila duka lina waifai yake, jaribu chaneli 1, 6 au 11, maana hizo tatu haziingiliani.

Ukitaka kuvuka hadi jengo la pili, tuseme mita 300, nunua jozi ya antena za nje za 5 GHz zinazotazamana. Hapo kuonana tu kwa macho hakutoshi. Katikati ya njia mawimbi hutanuka mita 2 hivi kila upande, na mwembe ukisimama hapo utayameza, kwa sababu majani yake mabichi yamejaa maji. Usifikirie panga, mwembe huku una mwenyewe, na mwenyewe ana wajukuu. Ongeza urefu wa bomba linaloshika antena, na ulifunge waya wa radi hadi ardhini.

Stima nayo: ruta nyingi hutumia volti 12, sawa na betri ya sola, lakini betri ikichajiwa hupanda hadi 14 na zaidi, kwa hiyo weka kidhibiti kidogo cha volti katikati. Ruta ya wati 6 hulala na kuamka kwa betri ya Ah 18 bila kuichosha. Nunua adapta ya akiba pia. Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yalipokata barabara ya Garsen–Lamu, kuagiza kitu kutoka Mombasa hakukuwa jambo la kesho. Betri na ruta vyote viwe juu ya rafu, si sakafuni.

Kama huna ruta kabisa, washa hotispoti ya simu, zima data, uunganishe laptopu mbili. Simu nyingi hukubali, na faili hupita bila kula hata MB moja ya bando. Kwa printa na watu watano haitafaa. Simu itapata joto, na mwenye simu akitoka kwenda kula, mtandao umeondoka naye.