Somo: Kupanga Safari ya Lori

Ndugu wanachama, tutazame Mbinga, nchi ya kahawa. Kutoka huko hadi Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ni kilomita 66 za mteremko na kona. Lori lenye mizigo ya Mbamba Bay na ya Liuli, iliyo mbele kaskazini, hupakiwa ya Liuli kwanza, ikae ndani. Apakiaye kinyume hushusha gari zima njiani, pengine mvuani! Kurudi, dagaa wakavu wawe wamekwisha fungwa; kupanda mlima mtupu ni kuunguza dizeli bure.

Kwetu je? Karafuu mbichi zikilala rundo huchacha, zikapauka, na bei ikaanguka. Gari litangulie shamba la mbali likiwa tupu, la karibu lipitiwe wakati wa kurudi, na wachumaji waijue saa yake tangu jana.