Kiyoyozi Kipya Kiyovu? Vidokezo 7 vya Kazi Safi ya Nje

Kiyoyozi umeshanunua, fundi anakuja kesho, na wewe una mikutano hadi jioni. Hongera, na usiwe na wasiwasi! Huhitaji kusomea ufundi ili kazi itoke vizuri. Jua tu pa kuangalia na la kuuliza.

1. Ukuta kwanza, kutoboa baadaye
Kiyovu, mtaa wetu hapa Kigali, umejaliwa miti na mteremko, basi vitumie. Tafuta upande wenye kivuli, mbali na dirisha la chumba cha kulala cha jirani. Mashine ya nje inahitaji kupumua: iachie sentimita 10 hadi 15 nyuma na zaidi ya nusu mita mbele, au vipimo vya kitabu chake. Isikae chini kabisa ya matawi, kwani majani yakijaa kwenye mapezi joto halitoki. Na kama ukuta unatazama bondeni, jiulize mapema: atakayekuja kuisafisha atasimama wapi?

2. Bomba fupi, raha ndefu
Kila mita ya ziada ya bomba la shaba ni pesa yako na jasho la kompresa. Mashine nyingi za nyumbani huja na gesi ya kutosha mita chache tu, soma kibandiko. Bomba likizidi hapo, gesi huongezwa kwa mizani, gramu kwa kila mita, si kwa kukisia. Usifupishe mno pia: watengenezaji wengi hutaka angalau mita 3. Kona zipindwe kwa kifaa chake, na bomba lililobonyea libadilishwe. Kulinyoosha si tiba.

3. Mvua ibaki nje
Masika ya Machi hadi Mei hayana utani Kigali. Tundu la ukutani liiname kidogo kuelekea nje, lizibwe vizuri, na nyaya zishuke chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondokee hapo. Kila bomba la shaba livae sponji yake peke yake, yote mawili, kisha yafungwe kwa utepe unaovumilia jua. Jaribio la dakika moja: mimina kikombe cha maji kwenye trei ya mashine ya ndani. Yakitoka nje bila kusita, mteremko ni sawa.

4. Shaba haipendi vumbi
Ncha za mabomba zibaki zimezibwa hadi wakati wa kuunganisha. Fundi anapokwangua kingo baada ya kukata, mdomo uelekee chini ili vipande vya shaba visiingie ndani. Nati je? Ivalishwe kabla mdomo haujapanuliwa, la sivyo kazi inaanza upya! Ikazwe kwanza kwa vidole, kisha kwa spana mbili, moja ikishika na nyingine ikikaza. Spana ya kupima nguvu ni bora zaidi, kwa sababu kukaza kupita kiasi hupasua shaba.

5. Povu halidanganyi
Kabla ya gesi, mabomba yajazwe nitrojeni kavu kwa presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kisha povu la sabuni kwenye kila kiungio: likitutumka, panavuja. Kamwe isitumike oksijeni, maana ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka.

6. Geji ya Kigali si geji ya pwani
Hapa ndipo mwinuko wetu unapoingia kazini. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Nitrojeni ikishaachiwa, pampu ya vakyumu hunyonya hewa yote mabombani; ikimaliza kazi yake, geji ya kawaida iliyowekwa sifuri hapa hugota karibu na −0.84 bar, wakati Mombasa ingekaribia −1. Pampu haina kosa! Omba geji ya mikroni, isiyobabaishwa na mwinuko: ishuke chini ya 500, pampu ifungwe, na namba itulie. Vakyumu hiyo ndiyo inayochemsha unyevu uliojificha ndani ya bomba na kuutoa ukiwa mvuke. Fundi akitaka kufukuza hewa kwa gesi kidogo, mwambie kwa upole: tunasubiri pampu.

7. Gesi isitoke, huu ni mji wa mkataba
Tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalikubaliana hapa hapa Kigali kupunguza gesi za HFC, katika Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal. Sababu? Kilo moja ya R-410A, gesi ya viyoyozi, hupasha dunia joto takriban mara 2,088 ya kilo moja ya dioksidi ya kaboni kwa miaka 100; R-32 ni takriban mara 675. Kama kiyoyozi chako kinatumia R-32, kwa kuwa gesi hiyo hushika moto kidogo, kazi mpe fundi aliyefunzwa na pasiwe na moto karibu. Unang'oa mashine ya zamani? Gesi yake ivutwe kwenye mtungi, isiachiwe hewani.

Kabla ya kulipa, piga picha ya geji na kibandiko, uandike tarehe na gramu zilizoongezwa. Siku ya huduma, fundi yeyote ataanzia kwenye ukweli, nawe utaokoa muda na pesa. Haya, mpigie fundi, kazi ianze!