Dhihaka Hewani: Kijitabu kwa Watangazaji na Wasikilizaji wa Matogoro

Mtangazaji anayewachekesha watu kwa kuwasema wakubwa ni nadra kushtakiwa kwa kuchekesha. Asubuhi ameiga sauti ya mheshimiwa, jioni anaitwa kituo cha polisi, na hati ya mashtaka ikisomwa haitaji kicheko hata mara moja.

Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Dar es Salaam baada ya kusambaa video inayomwonyesha akiangua kicheko mbele ya picha ya zamani ya Rais John Magufuli akiwa ndani ya suti pana. Mahakamani kilichosomwa ni habari ya laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Oktoba 2019 alikuwa ameshahojiwa na polisi kwa kuchanganya sura yake na ya Rais kwenye picha.

Kwa hiyo, kijana unayeandaa kipindi cha vichekesho, anza na makaratasi. Laini iwe kwa jina lako, kitambulisho cha kazi kisiwe kimekwisha muda, na mkataba uwe umesainiwa. Hapo kwenye mkataba ndipo wengi wanapoumia. Redio za mikoani zimejaa watangazaji wanaolipwa posho ya nauli tu, na siku ya shari mwenye kituo husema, "Huyo alikuwa anajitolea." Naye ana hofu yake: Agosti 2016 Serikali ilizifungia Magic FM na Radio 5 kwa madai ya uchochezi. Tangu hapo vichekesho vingi vimekufa studioni bila polisi kugonga mlango, na hilo kwa maoni yetu ni hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa au wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, pale anapoamini kuwa amani iko hatarini. Hasira ya kutaniwa haimo katika sababu hizo. Saa 48 zikipita bila kufikishwa mbele ya hakimu, aliyekamatwa lazima aachiwe. Akiwa ndani, aombe kuwasiliana na ndugu na wakili, na asisaini maelezo ambayo hajayasoma.

Mwaka 2023 marekebisho ya Sheria ya Huduma za Habari yaliondoa kashfa katika makosa ya jinai. Ni nafuu ya kweli, ila Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo palepale, na kipindi cha redio kikishakatwa vipande na kurushwa WhatsApp kimeingia humo. Hifadhi rekodi nzima ya kila kipindi. Kipande cha nusu dakika humfunga mtu ambaye rekodi kamili ingemtetea.

Kwingine hali imekuwa mbaya zaidi. Uganda, Agosti 2005, mtangazaji Andrew Mwenda wa redio ya KFM alikamatwa na kituo kikafungwa kwa muda kwa maneno yake kuhusu kifo cha kiongozi wa Sudan Kusini, John Garang. Miaka mitano baadaye Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria ya uchochezi. Mchekeshaji Jaime Garzón wa Colombia, aliyewadhihaki wanasiasa na wenye bunduki, alipigwa risasi Bogotá tarehe 13 Agosti 1999 akiwa njiani kwenda redioni.

Hapa kwetu Songea, wazee hawahitaji kufundishwa dhihaka. Mtani huja msibani, akazuia jeneza mpaka apewe chochote, akamsema marehemu kwa ubahili wake, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Hakuna anayemwita polisi.

Nawe msikilizaji, ukisikia mtangazaji amechukuliwa, andika saa, mahali, na namba ya gari kama umeiona. Wapigie kwanza ndugu zake, kituo chake na klabu ya waandishi wa habari ya mkoa, kabla ya kusambaza chochote kwenye simu yako.