Kimbia, Palilia, Rudi: Jinsi Kikundi cha Mbio Kinavyoweza Kulea Miche

Novemba 13, 2023, ilipofanywa sikukuu ya kupanda miti, lengo lilikuwa miche milioni 100 kwa siku hiyo moja. Lengo kuu la taifa ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kupanda huchukua asubuhi moja. Kulea huchukua misimu miwili au zaidi, na hapo ndipo miche hufa: mbuzi, magugu, na kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Dawa ya hali hii ni watu wanaopita pale pale kila wiki. Wanaokimbia kwa kikundi hufanya hivyo tayari.

Mjini London, mwaka 2009, Ivo Gormley alianzisha GoodGym kwa wazo rahisi: nguvu inayoishia kwenye mashine za mazoezi ifanye kazi ya jamii. Wanachama hukutana, hukimbia kilomita chache hadi bustani ya jamii au shule, hupalilia au kubeba mbolea, kisha hurudi wakikimbia. Hapa Kenya, wakfu wa Eliud Kipchoge unatunza sehemu ya msitu wa Kaptagat, eneo analofanyia mazoezi.

Bomet, mbio huonekana kama kazi ya mabingwa, watu kama Mercy Cherono aliyeshinda fedha ya mita 5,000 jijini Moscow mwaka 2013. Tena mama aliyeshinda akichuma majani chai tangu alfajiri hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Lakini karani, mwalimu, mwenye duka na bodaboda hukaa kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kulima kunahesabiwa.

Chagueni shamba moja tu, kilomita mbili au tatu kutoka mnapokutania: shule, zahanati, au ukingo wa mto kama Nyangores. Zungumzeni kwanza na mwalimu mkuu, mwenye shamba au chifu. Tumieni barabara za murram kati ya mashamba ya chai badala ya lami yenye magari, na mwanachama wa polepole ndiye apange mwendo. Wenye shinikizo la damu au kisukari wapite zahanati kwanza.

Majembe na mitungi ya maji ibaki shambani. Kukimbia na jembe begani ni kutafuta jeraha. Mkifika, tembeeni kidogo mpumue kabla ya kuinama. Kazi ya dakika 40 inatosha. Ikizidi, mgongo utalalamika njiani kurudi.

Chimbeni mashimo kabla ya mvua za Machi, udongo wa juu ukiwekwa kando ili urudi chini pamoja na samadi. Ondoeni karatasi ya mche. Wengi huisahau na mizizi hujisokota humo. Baada ya hapo ni kung'oa magugu, kutandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa, na kutengeneza ua dhidi ya mbuzi. Kando ya mto, pandeni mianzi, mwiria au mzeituni wa porini, ambao wazee huuita emitiot. Mikaratusi hunywa maji mno, isipandwe hapo. Sheria inalinda ukingo kuanzia mita 6 hadi 30, kwa hiyo hata mahindi hayafai.

Kikundi cha watu 10 au zaidi kinaweza kusajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Kabla ya hapo, andikeni ratiba ya Desemba. Shule zikifungwa, hakuna mwanafunzi wa kumwagilia, na kiangazi huanza wiki hizo hizo. Watu wawili wawili wakipokezana, kila mmoja na mtungi wa lita tano uliojazwa shambani, wanaweza kuivusha miche hadi mvua irudi.