TUFANI NA KHASARA ZAKE: KWA MALI, KWA WATU NA KWA ARDHI



Katika darasa letu mmoja wa wanafunzi alisoma khabari za tufani zilizozipiga nchi za kusini mwetu. Mzee mmoja akamjibu: "Hayo ni ya watu wa Msumbiji. Kwetu sisi tufani haiji." Neno hili tumelisikia mara nyingi barazani, na ndani yake mna kweli kidogo na mghafala mkubwa. Kwa hivyo tumeona yafaa kuliandikia somo: tufani ni kitu gani, yaharibu nini, na yatupasa nini.

TUFANI NI NINI?

Tufani ni upepo mkubwa unaozunguka mfano wa pia. Huzaliwa juu ya bahari yenye maji ya moto, yaani ya kiasi cha digrii 26 au 27 na zaidi. Mvuke hupanda juu, hugeuka mawingu, na kule kugeuka hutoa joto. Joto hilo huvuta mvuke mwingine kutoka chini, na upepo huzidi nguvu. Chakula chake, basi, ni maji ya moto. Ikipanda nchi kavu hukosa chakula hicho na hufa, lakini haifi mpaka imwage mvua nyingi sana. Watu wa Marekani huiita harikeni, wa Japani na Uchina huiita taifuni, na katika Bahari yetu ya Hindi hujulikana kwa saikloni au kimbunga. Majina ni mengi, kitu ni kimoja.

Ili upepo uzunguke hivyo, wahitaji msaada wa mzunguko wa dunia, na msaada huo karibu na Ikweta ni dhaifu. Ndiyo sababu tufani ni nadra kwa nchi zilizo karibu na mstari huo. Mombasa iko kiasi cha digrii 4 kusini ya Ikweta, na hii ndiyo ile kweli iliyo katika maneno ya yule mzee. Lakini Unguja iko digrii 6 tu, na Unguja ilipigwa, kama tutakavyoeleza.

Tufani huua kwa njia tatu. Ya kwanza ni upepo wenyewe, ung'oao miti na mapaa. Ya pili ni bahari: upepo huyasukuma maji mpaka yakapanda juu ya pwani na kuingia majumbani. Ya tatu ni mvua, ambayo hufurisha mito na kuporomosha milima. Na wengi wa wafao hufa kwa maji, si kwa upepo. Tena katikati yake mna mahali patulivu paitwapo jicho. Jicho likipita juu ya mji, upepo hukoma, na asiyejua hutoka nje akidhani yamekwisha. Mara upepo humrudia kutoka upande wa pili. Wako waliopotea kwa kutojua jambo hili moja tu.

KHASARA YA MALI: UNGUJA, 1872

Tarehe 15 Aprili 1872, katika siku za Sayyid Barghash bin Said, tufani iliipiga Unguja. Majahazi na merikebu zilizokuwa bandarini zilivunjika, na merikebu za Sultani mwenyewe zikaangamia. Ile merikebu yake mashuhuri, Glasgow, iliundwa mwaka 1878 kushika mahali pa hizo zilizopotea. Lakini khasara kubwa ilikuwa mashambani. Yakadiriwa kuwa thuluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka au kuvunjika.

Mwenye kujua kilimo ataifahamu maana yake. Mkarafuu haukui kwa msimu mmoja. Wataka kiasi cha miaka 6 mpaka 8 ndipo uanze kuzaa, na zaidi ya hiyo ndipo uzae vyema. Basi mtu aliyelala tajiri aliamka hana chumo la miaka, na madeni yake ni yale yale. Wenye mashamba wengi walikuwa wamekwisha kukopa kwa wafanya biashara kwa kuweka shamba rahani. Upepo ulichukua mti, na deni likamwandama mwenye shamba. Kisiwa cha Pemba kiliponea kwa sehemu kubwa, na bei ya karafuu ilipopanda watu walizidi kupanda huko. Tangu wakati ule Pemba ikaishinda Unguja kwa mazao ya karafuu mpaka leo.

Yatupasa pia kusema kweli ijapokuwa chungu. Mikarafuu hiyo mipya haikupandwa na mabwana. Ilipandwa na watumwa. Biashara ya kuwachukua kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwezi wa Juni 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki visiwani kwa miaka mingi baadaye, na kazi ya kuyafufua mashamba iliwaangukia wao. Hapa pana funzo la kwanza: khasara ya tufani haikai kwa yule aliyepigwa na upepo peke yake. Huteremka daraja kwa daraja mpaka imfikie aliye chini kabisa, ambaye hata mti mmoja hakuwa nao.

KHASARA YA WATU: BEIRA NA KISIWA CHA IBO, 2019

Tuje kwenye zama zetu. Mwezi wa Machi 2019 upepo mdogo ulipanda Msumbiji na mvua nyingi, kisha ukarudi baharini, ukanywa nguvu katika maji ya moto ya mlango wa Msumbiji, na usiku wa tarehe 14 Machi ukarejea kwa jina la Idai ukaipiga Beira. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na nchi kavu ikawa mfano wa bahari, watu wamepanda juu ya miti na mapaa wakingojea mashua. Katika Chimanimani, upande wa Zimbabwe, milima iliporomoka juu ya nyumba za watu usiku. Waliokufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi wapita 1,000, na walioguswa na msiba ni kiasi cha milioni 3.

Ikawa tena ni karibu na wakati wa kuvuna. Zaidi ya hekta 700,000 za mimea ziliharibika Msumbiji, kwa hivyo aliyeokoka na maji alikutana na njaa. Kisha ikaja kipindupindu, kwani visima viliingiliwa na uchafu. Waliougua walipita 6,000. Lakini watu zaidi ya 800,000 walipewa dawa ya kinga kwa haraka, na waliokufa kwa maradhi hayo wakawa wachache sana. Wasomaji na walikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia.

Hazikupita wiki sita, tarehe 25 Aprili 2019, tufani ya pili, Kenneth, baada ya kupita karibu na Ngazija, ikaupiga mkoa wa Cabo Delgado. Haikupata kuandikwa kabla ya hapo kuwa tufani mbili kali zimeipiga Msumbiji kwa msimu mmoja. Kisiwa cha Ibo kiliharibika vibaya. Na wa Ibo si wageni kwetu: lugha yao, Kimwani, ni jamaa ya Kiswahili. Basi asemaye "hayo ni ya watu wa Msumbiji" asema juu ya jamaa zake.

Na deni la Unguja lilirudi kwa sura nyingine. Serikali ya Msumbiji ilisema yahitaji dola bilioni 3.2 za Kimarekani kujenga upya baada ya tufani hizo mbili. Katika mkutano wa Beira iliahidiwa bilioni 1.2. Nchi iliyokuwa imeelemewa na madeni ilikopa tena dola milioni 118 kwa Shirika la Fedha la Kimataifa ili ipate kusimama. Mkopo huo hauna riba, lakini deni ni deni. Mwaka 1872 aliyekopa alikuwa mwenye shamba. Mwaka 2019 ni taifa zima.

KHASARA YA ARDHI NA BAHARI

Khasara hii watu huisahau kwa kuwa haina mwenye kulia. Maji ya bahari yakiingia shambani huacha chumvi, na mimea hukataa kuota mpaka mvua iioshe. Kisima kikiingia chumvi, mji mzima hukosa maji matamu. Mawimbi huvunja matumbawe, ambayo ndiyo nyumba ya samaki, na mvuvi hujiona akipungukiwa miaka baada ya upepo kupita. Mikoko hung'olewa, na pwani huliwa na bahari.

Na mikoko hii ni ngao. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na hushika matope yasichukuliwe. Penye msitu mpana wa mikoko, bahari hufika imechoka; palipokatwa, hufika na nguvu zake zote.

Wataalamu wametubainishia pia kwamba bahari zazidi joto kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta unaochomwa na wanadamu, hasa katika nchi tajiri. Hawasemi kuwa idadi ya tufani ni lazima iongezeke, bali zilizo kali zazidi ukali, na mvua zake zazidi wingi. Mwaka 2023 tufani iitwayo Freddy ilidumu zaidi ya wiki tano, ikavuka Bahari ya Hindi yote, ikaua mamia ya watu Malawi. Mwezi wa Disemba 2024 Chido ikaiharibu Mayotte.

JE, HAPANA LA KUFANYA?

Huenda msomaji akasema: "Haya ni makadirio ya Mwenyezi Mungu, mwanadamu atafanya nini?" Jawabu ni kuwa upepo hauzuiliki, lakini vifo vyazuilika. Na dalili yake ni ndugu zetu wa Bangladesh.

Mwezi wa Novemba 1970 tufani iliipiga nchi hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa Pakistani ya Mashariki, na wakafa watu wasiopungua 300,000. Baada ya hapo wakaanza kujitengeza. Walipanga watu wa kujitolea vijijini wenye kupita na vipaza sauti kuonya, wakajenga majumba imara yaliyoinuliwa juu ya nguzo kwa ajili ya kukimbilia, wakatengeza njia ya khabari kufika mapema. Kazi haikutimia kwa siku moja: mwaka 1991 walikufa tena zaidi ya 130,000. Hawakukata tamaa. Mwaka 2007 tufani kali ya Sidr iliua kiasi cha 3,400. Na mwaka 2020, ilipokuja Amphan, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa kabla, na waliokufa Bangladesh hawakufika 100. Bahari ni ile ile na nchi ni ile ile, bado ni tambarare, na masikini wangali wengi. Kilichobadilika ni matengezo.

Kutawakali, basi, si kukaa bure. Ni kufunga mlango kisha kumwachia Mola. Wala kutundika hirizi mlingotini hakumhifadhi nahodha aliyepuuza onyo. Na wale wasemao kuwa waliopigwa wamepigwa kwa madhambi yao, tungewauliza: mtoto wa Chimanimani aliyefunikwa na mlima usingizini, dhambi yake ni ipi? Aliyepigwa ana haki ya kusaidiwa, si ya kuhukumiwa.

YATUPASAYO SISI

Kwanza, tusikilize maonyo. Mwezi wa Mei 2024 tufani ya Hidaya ilifika Mafia, na wavuvi wa pwani yetu wakaonywa juu ya upepo na mawimbi. Mafia iko chini ya digrii 8. Asiseme mtu tena kuwa ni mbali.

Pili, tuihifadhi mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na sehemu nyingi imekatwa kwa boriti na kuni. Watu wa Gazi wametuonyesha njia: wamepanda na kulinda mikoko yao, na fedha wazipatazo kwa kazi hiyo wamezitia katika maji na skuli za kijiji chao. Kwa hivyo mikoko iliyosimama imewafaa.

Tatu, tuitengeze mitaro ya mitaa yetu, tusijenge katika njia ya maji. Mvua za mwaka 2024 zilizoua zaidi ya watu 200 katika Kenya hazikuwa tufani, na zilitosha.

Nne, kila mtaa uwe na mfuko wa akiba, ili siku ya msiba masikini apate karadha njema, asikimbilie kwa mla riba akauza kiwanja cha wanawe. Tumeona 1872 kuwa deni liliwaumiza watu muda mrefu baada ya upepo kutulia. Mfuko huo hauhitaji serikali wala tajiri. Wahitaji watu kumi waaminifu na daftari moja.

Darasa letu limeazimia kuanza na hilo la nne, na yule mzee aliyesema "kwetu haiji" ndiye aliyetoa mchango wa kwanza. Twawaomba wasomaji wa mitaa mingine nao wafanye mfano wa hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu twauona sote.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape subira waliobakia, na atuwafikishe sisi katika kutengeza kabla ya kulia. Wabillahi tawfiq.