Debre Damo, Nyumba ya Watawa Juu ya Mwamba

Sisi tukaao Gungu twaviona vilima vyetu kuwa virefu. Maji ya Ziwa Tanganyika yako mita 773 hivi juu ya bahari. Lakini katika Tigray, nchi ya Uhabeshi, uko mlima upitao mita 2,000, ambao kilele chake ni bapa kama meza na pande zake zimekatika wima. Huko ndiko iliko nyumba ya watawa wa Kanisa la Orthodoksi iitwayo Debre Damo.

Mapokeo yasema ya kuwa aliyeianzisha katika karne ya 6 ni Abuna Aregawi, mmoja wa Watakatifu Tisa waliotoka ng'ambo kufundisha dini katika ufalme wa Aksum. Alipokosa njia ya kupanda, nyoka mkubwa alimwinua mpaka juu. Mgeni wa leo hupanda kwa kamba ya ngozi iliyosukwa, kadiri ya mita 15. Wanawake hawaruhusiwi, wala mnyama jike. Tulipoyasoma haya nyumbani kwa sauti, wake zetu waliuliza mara moja maji huchotwa na nani. Jibu ni kwamba mvua hukusanywa katika mabirika yaliyochongwa mwambani.

Sasa tuutazame ukuta wa kanisa, maana hapo ndipo penye elimu. Mafundi walipanga safu za mawe, kisha wakalaza boriti ndefu kuufuata ukuta, ndani na nje. Juu yake wakapitisha miti mifupi iliyokata unene wa ukuta, ili pande mbili zishikane. Ncha za miti hiyo zimeachwa zitokeze nje, nazo huitwa vichwa vya tumbili. Hivyo ndivyo walivyojenga watu wa Aksum wa kale. Hata minara yao ya jiwe moja imechongwa mifano ya boriti na vichwa hivyo. Dari ya ukumbi wa kuingilia ina mbao zilizochongwa simba, tembo, ngamia na wanyama wengine.

Lakini mti huoza. Kwetu, mchwa wakila nguzo, wengi wetu hungoja nyumba ianguke ndipo tujenge nyingine, na kwa hiyo ufundi wa baba zetu haujulikani. Mwaka 1948 Mwingereza D. H. Matthews, msanifu wa majengo, alisaidia kulitengeneza kanisa hilo, na ukuta wake mmoja wa mawe na miti ukajengwa upya.

Mwanzoni mwa mwaka 2021, wakati wa vita vya Tigray, iliripotiwa kwamba nyumba hiyo ilipigwa mizinga na kuporwa. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Novemba 2022. Tigray haina miti mikubwa mingi, na kila boriti ya kutengenezea hapana budi ivutwe juu ya mwamba kwa kamba.